Mhaya Asiyejisifu

Wahaya wana sifa yao pale Mwanza, na sifa yenyewe ni hiyo hiyo ya kujisifu. Watu husema ukitaka kumjua Mhaya katika kundi usijisumbue kuuliza. Subiri kidogo, atakwambia mwenyewe, na akishakwambia ataongeza na shule anayosoma mwanawe. Ni utani tu. Wahaya wenyewe huucheka, kisha wanaendelea kujisifu. Lakini Leonsia, binti wa Deodatus wa Igogo, hakuucheka hata siku moja.

Hakuucheka kwa sababu ya baba yake. Mzee Deodatus alijisifu kwa niaba ya Wahaya wote walionyamaza. Alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipopunguza watu, naye badala ya kurudi kwao Kamachumu kulima kahawa akafungua duka la dawa baridi, maana biashara sasa ilikuwa huru na kila mtu alikuwa anafungua kitu. Mteja aliyeingia kununua Panadol mbili alitoka nazo pamoja na habari ya mashine kubwa ya kufuma iliyokatika chuma, mafundi wageni wakasema lazima spea itoke Ulaya, na yeye Deodatus akaifunga kwa bawaba ya mlango wa nyumbani kwake, ikafuma kanga mpaka spea ilipofika.

"Mimi!" alikuwa akisema, anajipiga kifua. "Si mwingine. Mimi Deodatus wa Kamachumu!"

Leonsia akiwa nyuma ya kaunta anapanga chupa za dawa ya kikohozi, alitamani ardhi ipasuke immeze. Hivyo tangu yuko mdogo aliapa kwamba yeye hatajisifu. Akiwa wa kwanza darasani alisema mtihani ulikuwa rahisi. Akisifiwa mchuzi alisema nyanya zilikuwa nzuri. Watu wakamwona binti mwenye adabu, naye akaridhika nayo hiyo adabu, mpaka ilipotaka kumponza.

Alimaliza kidato cha sita mwaka tisini na saba akiwa na matokeo ya kumwezesha kusomea chochote, na alichotaka ni udaktari, hakuna kingine. Lakini nafasi za chuo cha Serikali zilikuwa za kuhesabu na jina lake halikutoka. Alilia siku nzima, akanawa uso, akaenda kujitolea katika zahanati moja ndogo upande wa Pasiansi, karibu na mwalo wa wavuvi. Alikuwa huko miezi kadhaa ndipo paroko alipotangaza baada ya misa kwamba makanisa yamefungua chuo chao cha udaktari. Watachukuliwa vijana wachache kutoka Kanda ya Ziwa, na atakayechukuliwa jimbo litamsomesha. Leonsia aliitaka nafasi ile mpaka chakula kikamshinda.

Waombaji walitakiwa kupeleka vyeti, barua ya paroko, barua ya mwalimu, na ukurasa mmoja wa Kiingereza wa kujieleza: wewe ni nani, umefanya nini, kwa nini tukuchukue wewe. Vyeti alikuwa navyo. Ule ukurasa aliuandika na kuuchana wiki nzima, na ulipokamilika akaupeleka Butimba kwa Mwalimu Machibya, Msukuma wa Magu, mrefu, mtu wa utani mwingi, aliyemfundisha baiolojia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Lete tuone."

Machibya alisoma amesimama. Akakaa, akasoma tena.

"Huu ukurasa ni wa nani?"

"Ni wangu, mwalimu."

"Mbona sikuoni humu?" Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa unasema tatizo la vipimo vya maji lilionekana, likarekebishwa. Lilionekana na nani? Na mzuka? Huku chini unasema wewe ni mwanafunzi wa kawaida. Leonsia, wataomba mamia ya watu. Wanafunzi wa kawaida wanao huko huko, hawana haja ya kusafirisha mwingine kutoka Mwanza."

"Siwezi kujisifu, mwalimu. Watasema, ndio hao Wahaya."

Machibya alicheka mpaka mke wake akachungulia kutoka jikoni. Kisha akamrudishia karatasi, na sasa hakuwa anacheka.

"Barua yangu nitakuandikia nzuri. Lakini hawa wanataka kukusikia wewe, na ukiwapelekea hii umekwisha. Nenda kwa baba yako akufundishe."

"Kwa baba?"

"Sasa mwenye jino bovu nimpeleke kwa fundi viatu?"

Habari ya vipimo, ambayo Leonsia aliificha hivyo, ilikuwa hivi. Pale zahanati mtoto aliyeharisha alipewa pakiti ya unga wa chumvi na sukari, na mama akaambiwa auchanganye na lita moja ya maji. Lita ni mambo ya shule. Kwenye kambi za wavuvi watu wana chupa, kwa hiyo tangu zamani bango la ukutani lilisema chupa mbili za bia, na Leonsia alipokuja akapewa kazi ya kusema hivyo kwa kila mama. Hesabu ilikuwa sahihi kwa zile chupa ndefu tulizozizoea. Lakini soko huria lilikuwa limeleta bia za nje, zenye vichupa vifupi, na wavuvi waliopata fedha za sangara walizipenda hizo kuliko za nyumbani.

Siku moja mama mmoja wa kambini akarudi na mtoto wake mdogo, Mayala. Mtoto alikuwa hatulii, midomo mikavu, analilia maji na kila akinywa anatapika. "Nimefanya kama ulivyosema, dada," mama akasema. "Chupa mbili." Leonsia akaomba kuiona hiyo chupa. Aliijaza maji, akayamimina kwenye jagi la kupimia, akarudia mara ya pili, na maji hayakuikaribia lita. Dawa aliyokunywa Mayala ilikuwa kali mno. Walimkimbiza hospitali, akalazwa, akapona.

Nesi Suzana, msimamizi wa zahanati, alisema ni bahati mbaya, bango liachwe lilivyo. Leonsia hakuliacha. Aliwaambia akina mama waje na vyombo vyao wenyewe, jagi, sufuria, kopo, chochote wanachotumia nyumbani. Alipima lita ya maji, akaimimina ndani ya chombo, akachora alama kwa msumari pale maji yalipofika. Mama alirudi nyumbani na lita yake. Haukupita muda Nesi Suzana naye akawa anakuja kazini na misumari mfukoni, na bango likashushwa.

Hilo ndilo jambo ambalo katika ule ukurasa lilionekana na likarekebishwa.

Leonsia alisubiri duka liwe tupu, akamwendea baba yake. Maneno yalimtoka kwa shida kuliko alipokuwa anaungama kwa padri.

"Tata, Mwalimu Machibya amesema unifundishe kujisifu."

Alitegemea baba yake ashangilie. Deodatus akamtazama kana kwamba ametukanwa.

"Kujisifu mimi sijui. Lini umenisikia najisifu?"

Leonsia akadhani anataniwa. Ilikuwa kama samaki kumuuliza mtu lini alimwona amelowa.

"Mimi nasema niliyoyafanya," Deodatus akaendelea, ameegemea kaunta. "Nyinyi mliozaliwa mjini hamjui tofauti. Kwetu kuna kwebuga. Mwanamume alisimama mbele ya mkama, mfalme wetu, mkuki mkononi, akataja mambo yake. Hataji ya babu yake, hataji aliyoyasikia. Anataja aliyoyafanya yeye, na waliokuwepo wanamsikiliza. Akitia chumvi wanamzomea mpaka anakaa chini na aibu yake. Na akiacha kusema alilofanya, wanamcheka vile vile, maana amewanyima wenzake habari ya kweli. Sasa taja moja nililosema mimi hapa dukani ambalo ni uongo."

"Ile bawaba ya mlango, Tata."

"Nenda kamuulize mama yako."

Mama yake, Kokulinda, alikuwa uani anamenya ndizi. Hakuinua hata uso.

"Mlango wa chumba chetu tunaufunga kwa kamba tangu uko darasa la pili. Wewe ulidhani kwa nini?"

Leonsia akaingia ndani kuutazama ule mlango. Kamba ile aliifunga na kuifungua maelfu ya mara, na hakuwahi kujiuliza bawaba ilikwenda wapi. Aliona haya, haya ya kweli. Miaka yote alimwonea aibu baba yake mbele ya wateja, na yule mtu alikuwa anasema kweli tupu.

Jumapili iliyofuata baada ya misa, Deodatus akaandaa uwanja. Alisema kwebuga bila mashahidi ni kelele za mlevi, kwa hiyo akamwalika Nesi Suzana, naye Suzana akaja na mama yake Mayala, na Mayala mwenyewe mgongoni, amenenepa. Kokulinda alipika ndizi na sato. Walipokwisha kula, Deodatus akampa binti yake mpini wa ufagio.

"Mkuki huo. Simama katikati. Anza na jina lako."

"Mimi Leonsia," akaanza, anatazama chini. "Tulisaidia akina mama kupima..."

"Tulisaidia nani na nani?" Deodatus akadakia.

"Mimi na Nesi Suzana."

"Suzana, siku ile ya kwanza ulisaidia?"

"Nisiseme uongo siku ya Bwana," Suzana akasema. "Mimi nilimwambia aniache nimalize chai."

Mama yake Mayala akacheka, Kokulinda akacheka, Leonsia mwenyewe akacheka, na ule mpini ukapungua uzito. Akaanza upya. Sasa mdomo ulifunguka, na ulipofunguka ukakosa breki.

"Mimi Leonsia, nilichora alama nikaokoa watoto mia mbili wa ziwa zima!"

"Uuuuu!" wakamzomea wote, Suzana kwa sauti kuliko wengine. "Hao mia mbili umewatoa wapi? Vyombo nilikuwa navihesabu mimi. Havijafika hata mia, na nusu ya watoto hawakuwa wanaumwa, mama zao walikuja kwa udadisi!"

Akakaa chini na aibu yake, kama desturi inavyotaka. Akasimama tena. Walimrudisha na kumrudisha, akipunguza wanamkemea, akizidisha wanamzomea, mpaka jua likahamia ukutani kwa jirani. Mwishoni akalisema lote, alivyoiomba ile chupa, alivyopima mara mbili, alivyokatazwa na hakuacha, idadi ya vyombo ikiwa ile ile ya Suzana, na uani hapakutoka hata mguno.

"Nilikuwepo," mama yake Mayala akasema taratibu. "Ni kweli."

Jioni ile Leonsia aliandika ukurasa wake kwa mkupuo mmoja. Machibya aliusoma, akasahihisha maneno mawili ya Kiingereza, akasema, "Haya, sasa naona kuna mtu humu ndani." Maombi yakapelekwa, na kabla ya Pasaka ikaja barua ya kumwita kwenye usaili, hapo hapo mjini, katika ukumbi wa parokia.

Wasaili walikuwa watatu. Aliyekaa katikati alikuwa daktari wa upasuaji, mzee, miwani imeshuka puani, na ukurasa wa Leonsia ulikuwa mbele yake umepigwa mistari ya wino mwekundu. Walizungumza Kiingereza. Cha Leonsia kilikuwa cha shule, kimenyooka kama sare iliyopigwa pasi.

"Wewe ni Mhaya?" daktari akauliza.

"Ndiyo, daktari."

"Nilijua kabla sijafika nusu ya ukurasa."

Wenzake wakacheka. Masikio ya Leonsia yakapata moto. Ndicho kicheko alichokikimbia maisha yake yote, na sasa kilikuwa kimekaa mezani na kalamu mkononi. Alingoja kiishe.

"Hili la chupa," daktari akasema, "uliliona wewe au nesi?"

"Niliona mimi. Nesi alinikataza kwanza, baadaye akafanya kazi kubwa kuliko yangu. Lakini kuona, niliona mimi."

"Vizuri." Daktari akageuza karatasi, akakuta nyuma hakuna kitu, akaigeuza tena. "Kabla hujaona, akina mama walikuwa wanaambiwa chupa mbili. Nani alikuwa anawaambia?"

Hilo halikuwepo kwenye ukurasa. Uani kwao hakuna aliyeliuliza. Leonsia aliona majibu yote yamejipanga mbele yake, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo: bango lilisema, zahanati ilisema, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, tulikuwa tunawaambia. Lile la mwisho lilimjia mdomoni lenyewe, maana kujificha nyuma ya "sisi" alikuwa amekuzoea miaka mingi. Akamkumbuka mtoto aliyekuwa analilia maji.

"Mimi," akasema.

"Peke yako?"

"Na wengine. Lakini mama yake Mayala nilimwambia mimi. Mtoto alikunywa dawa kali kwa sababu nilisema chupa mbili na sikuitazama chupa yake. Alilazwa. Kama angekufa, ingekuwa kwa neno langu."

Wasaili wawili wa pembeni wakatazamana, na Leonsia akajua ameipoteza nafasi. Kilichomshangaza ni kwamba hakutamani kulirudisha neno. Alikuwa na huzuni, lakini alikuwa amesimama sawasawa ndani ya nafsi yake, na hakuwahi kujisikia hivyo hata siku alipoongoza darasa.

Daktari mzee alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nimepasua watu tangu hujazaliwa," akasema, na hapo akahamia Kiswahili. "Mgonjwa akipona, madaktari tunajaa wodini, kila mtu nimemponya mimi. Akidhurika, ghafla tunakuwa timu." Akaandika kitu kifupi chini ya ukurasa. "Asante, mwanangu. Niitie anayefuata."

Barua ya kuchaguliwa ilifika mvua za masika zilipokuwa zinakatika. Kokulinda alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mchumba. Machibya alipopata habari akaja mbio kutoka Butimba. Igogo nzima ikajiandaa kumsikia Deodatus, na wenye haraka zao wakaanza kununua dawa kwingine.

Lakini Deodatus alinyamaza. Mteja alikuja kununua Panadol mbili, akatoka na Panadol mbili. Siku ya pili hivyo hivyo. Kokulinda akamshika paji la uso.

"Una homa, Ta Deodatus?"

"Sina."

"Mbona basi husemi?"

"Niseme nini?" Sauti ilikuwa ya mtu anayebeba gunia. "Chupa hakuiona Deodatus. Usaili hakufanya Deodatus. Si langu, mama, nitalisemaje?"

Leonsia alikuwa nyuma ya kaunta anapanga dawa za kikohozi. Alimtazama baba yake, macho yamemwiva kwa kujizuia, mikono inahesabu vidonge ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa, na akampenda kwa namna iliyomuuma. Dukani walikuwepo wateja wawili, na Machibya mlangoni, amekuja kununua dawa ya mafua na kuchungulia kama kuna pilau. Leonsia akatoka nyuma ya kaunta akasimama mbele yao. Hakuwa na mpini wala nini.

"Mimi Leonsia binti Deodatus," akasema, na sauti yake ikatoka mpaka barabarani, "nimechaguliwa kusomea udaktari. Mtihani haukuwa rahisi. Niliulizwa swali gumu nikalijibu kwa kweli. Zamani nisingeweza. Kusema kweli juu yangu mwenyewe, ikiwa nzuri na ikiwa mbaya, nimefundishwa na huyu hapa, hakuna mwingine."

Akamgeukia.

"Hilo ni lako, Tata. Sema."

Deodatus akaweka vidonge chini. Akajinyoosha, akavuta pumzi, akajipiga kifua kama siku zote.

"Mimi Deodatus wa Kamachumu," akaanza, na machozi yakamzuia kuendelea. Wateja wakasubiri. Machibya akamsogezea kiti.